Kihenge na Saba Uliyoikataa

Baba,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu Mama alitulea kwa adabu, si kwa sababu hasira zimeniisha. Hazijaisha. Nimekaa kwenye karakana yako hapa Nyamisangura, juu ya lile debe uliloligeuza kuwa kiti, na kila nikiitazama nyundo yako ya mbao natamani kuirusha barabarani. Mwanao Mwita ameniambia kama nina maneno na wewe niyaandike, niache kumpigia yeye kelele. Basi nayaandika.

Kwanza habari za nyumbani. Mama ni mzima, ila anakunywa chai bila sukari tangu tulipokuzika. Ukimuuliza anasema imeisha, na sukari ipo kabatini naiona. Shamba la Turwa lilipaliliwa kwa wakati. Mwita anafungua karakana kila asubuhi na kuvaa aproni yako, ambayo kwake inaishia juu ya magoti. Wateja wa ndoo na makarai wanakuja kama zamani. Baba Mdogo Chacha naye, kila penye watu watatu, anasimulia kwamba kaka yake aliijua siku yake. Akirudia tena mbele yangu nitamjibu vibaya, na nimeshamwambia Mama ajiandae kwa hilo. Hukuijua siku yako! Ulikuwa na maji kwenye mapafu. Daktari alisema yatapungua ukitulia pale, upate dawa na ile hewa ya mashine. Ukaondoka hospitali kwa sababu ya namba iliyochorwa ukutani.

Kitanda namba saba.

Mwita amenisimulia mpaka ninaona kama nilikuwepo. Wodi ilikuwa imejaa, kimebaki hicho tu. Ulifika mlangoni umeegemea bega lake, ukaiona ile saba ya rangi ya bluu, ukagoma. Muuguzi, binti aliyepangiwa kazi huku kutoka Iringa, akakushika mkono akasema, "Babu, ni namba tu hiyo, panda upumzike." Nawe pumzi zinakatika lakini sauti ya ubishi ikapatikana, ukaitaja saba kwa lugha ya kwetu: "Muhungate? Mimi nikalale hapo kama mtu ameshakufa? Mura, leta bajaji." Mwita akaleta bajaji. Kwani nani aliwahi kukukatalia kitu? Mlirudi mchana kweupe, ukakaa kwenye debe hili hili ukawapokea wageni kama bwana harusi, na wiki haikuisha.

Mimi nilikuwa shuleni Machochwe nasahihisha mitihani. Nilipopata habari ulikuwa umeshafika nyumbani, na simu ukakataa kuishika.

Nina hasira na yule muuguzi pia. Ni namba tu! Nafundisha hesabu, Baba, na sijawahi kukutana na namba ambayo ni namba tu. Wewe pia hukuwahi. Angalau kwenye hilo tulikuwa upande mmoja.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la nne, tumepewa jedwali la saba tulikariri? Niliimba mstari wa kwanza tu hapa hapa karakanani ukanisimamisha. Ukaniambia nikaimbie barabarani, nikimaliza nirudi. Nikasimama pale kwenye mtaro nikiimba saba mara saba, wapita njia wananicheka, na wewe ndani unagonga bati kwa nguvu usisikie. Wazee wengi wa kwetu hawaipendi saba, hilo nalijua. Wewe ulizidi. Kuku wakifika saba mmoja anapelekwa kwa jirani siku hiyo hiyo. Ukihesabu riveti ulizopiga, ukifika ya sita unapiga mbili kwa mpigo na kusema "nane," kana kwamba hatukuona. Mimi na Mwita tulikuwa tunakuigiza ukitoka, tunaruka ngazi mbili pale kanisani tukisema nane, nane.

Hayo ningeyavumilia. Mtu ana haki ya kuogopa anachokiogopa. Lakini wewe saba uliifukuza hadi kwenye bati.

Fundi wako wa Musoma alikufundisha vizuri, ulinieleza mwenyewe. Ukitaka kukunja bati liwe duara, chukua kipenyo mara tatu, kisha kipenyo hicho hicho ukigawe mafungu saba, uongeze fungu moja. Ulimwitikia ndiyo fundi, ndiyo fundi. Siku ulipofungua karakana yako ukaibadilisha iwe nane. Ulikuwa unakata kamba sawa na kipenyo, unaikunja katikati, unaikunja tena, unaikunja tena, na fungu la nane limepatikana bila kuhesabu. "Unaona, Bhoke? Nane inakuja yenyewe, haiitwi." Nilikuwa mdogo, niliona ni ufundi mkubwa sana.

Kwenye koroboi na ndoo haikuwa na madhara. Fungu la nane ni dogo kuliko la saba, kwa hiyo bati linapungukiwa, lakini kwenye ndoo upungufu ule unamezwa na mkunjo wa mshono. Kisha watu wakaanza kutaka vihenge vya bati vya kuhifadhia mahindi, vile ambavyo mtu mzima hawezi kuvikumbatia. Upungufu ukakua pamoja na kitu chenyewe. Kwenye kihenge ukawa upana wa kidole. Na wewe ulivyo, ulikuwa unakata mwili kwanza, na ukija kuweka kitako unakuta kimezidi. Unaugonga ukingo wake urudi ndani, unajaza risasi ya kulehemu, unajaza gundi nyeusi, unapaka rangi ya fedha juu. Kinang'aa kweli kweli. Nilikuambia nikiwa chuo. Nikakuambia tena nikiwa mwalimu. Jibu lako lilikuwa moja, "Mwalimu, umeshawahi kukunja bati wewe?" Na kweli, nilikuwa sijawahi.

Sasa ngoja nikuambie kuhusu Mama Robi. Ni yule mjane jirani yangu Machochwe, aliyekuletea jogoo siku ulipokuja kunitembelea. Mimi ndiye niliyemshawishi aache magunia achukue kihenge kwako. Mwaka jana yale mahindi aliyalinda na tembo msimu mzima, yeye na wanawe wakipokezana kupiga madebe na kuwasha moto mpakani mwa shamba. Akavuna, akakausha, akapukuchua, akajaza kihenge chako, akafunga. Akala kwanza ya magunia, akisema ya kwenye kihenge ni ya masika, njaa ikikaza. Masika yakafika. Sisi tumekuzika, nimerudi kazini, siku moja ananiita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwalimu, njoo uone."

Alifungua kile kimlango cha chini mbele yangu. Badala ya mahindi ikatoka vumbi. Gundi ilikuwa imepasuka kwenye maungio ya kitako, wadudu dumuzi wakaingia, wakazaana humo gizani. Watoto wake walikuwa wamesimama na sufuria. Hakunitukana. Alisema, "Tembo nilimfukuza, Mwalimu. Huyu nimemfungia ndani mwenyewe."

Ningependa anitukane. Tangu siku hiyo alikuwa anaazima unga kwa majirani, nami nikimpelekea anapokea bila kunitazama. Nikamwahidi kihenge kingine kabla ya mavuno haya, kinachofunga kweli. Akanijibu, "Kisipofunga, usinisalimie tena njiani."

Ndiyo maana shule ilipofungwa nilikuja huku moja kwa moja. Na nimkute nani? Mwita amelaza bati jipya chini, bati la kihenge cha Mama Robi, ameshika kamba. Anaikunja katikati. Anaikunja tena. Nikamwambia acha. Akaikunja ya tatu huku ananitazama. "Dada, hiki ni kipimo cha Baba. Hata mwaka hajamaliza, unataka tumsahihishe kaburini?" Nikamwambia kipimo cha Baba kimewalaza watoto wa watu na njaa. Akasema, "Bora nife nikikosea kama yeye." Nikasema mambo ambayo sitayaandika. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage, akainua ungo wake akasema, "Msinigombanie mume wangu," akaingia ndani. Tukashusha sauti lakini hatukuacha.

Kisha Mwita akaniuliza kitu. "Na hiyo saba yenu ya shuleni nani aliitoa? Si mmeandikiwa tu mkakariri?"

Baba, ni kweli, tuliandikiwa. Chuoni mhadhiri alituandikia ubaoni ile namba ya duara kwa namna ya ajabu, sehemu ndani ya sehemu. Tatu, jumlisha moja gawanya kwa saba na kitu. Kile kitu nacho ni moja gawanya kwa kumi na tano na kitu. Nacho tena kina kitu chini yake, mpaka ubao ukaisha, akaendelea kwa mkono hewani kama mtu anayeshuka kisimani. Nilikariri ile ngazi yote, nikafaulu, nikasahau. Sikuwahi kujiuliza saba imetoka wapi. Nilikuwa nakufokea wewe kwa kitu ambacho nami nilikuwa nimekipokea kama kilivyo.

Nikachukua kamba. Nikamwambia Mwita leo hatuanzi na saba wala nane, tunaiuliza kamba yenyewe. Tukauinua ule ubao wako wa duara unaochorea vitako, nikaizungusha kamba ukingoni, nikaikata pale ilipokutana. Nikakata na fito sawa na kipenyo. Tukaipima kamba kwa fito. Ikaingia mara tatu, kikabaki kipande kifupi, nacho nikakikata. Hapo Mwita alitaka kukitupa. Nikamwambia hapana, sasa hiki kilichobaki ndicho kitakachoipima fito. Na kikibaki kingine, nacho kitakipima hiki. Ngazi yote ya mhadhiri ni hiyo tu, hakuna uchawi mwingine. Kila kinachobaki kinageuka kuwa kipimo cha kilichokitangulia. Nilipolisema hilo nikalitazama debe lako, kisha nikampa Mwita kile kipande.

Mwita akachukua chaki akaanza kukitembeza kile kipande juu ya fito. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Akasimama. Nafasi ilikuwepo, inasubiri. Kipande kilikuwa kinaingia tena vizuri kabisa, na baada ya hapo hakibaki hata upana wa ukucha. Nane isingeingia hata ukiisukuma kwa nyundo. Mwita alitazama mlangoni kama vile ungeingia. Jasho linamtoka, mwanaume wa miaka yote hiyo. Kisha akakilaza kipande, akachora, akasema polepole, "Sita... na kingine." Akatazama kilichobaki. "Na kidogo."

Nilikaa chini kwenye sakafu, na gauni langu la kanisani. Kile kidogo ukikipimia kile kipande kitaingia kumi na tano na ushei. Kamba yangu ni nene haiwezi kuonyesha, hapo naamini kitabu. Na baada ya hapo kingine, na kingine, na haifiki mwisho, Baba, duara halimalizani na fito yake milele. Popote utakapochoka ukasimama utakuwa umekosea. Ukisimama kwenye tatu, umepungukiwa. Ukisimama kwenye saba, umezidi, lakini kwenye kihenge ni kuzidi kusikofika unene wa njiti ya kiberiti. Ukishuka ngazi inayofuata unapungukiwa tena, kidogo zaidi. Kwa hiyo hata mimi na saba yangu ya shuleni sikuwa na kweli yote mkononi. Kweli iko kati ya saba yangu na nane yako. Ila imeiegemea saba kabisa, na wewe ulisimama mbali nayo kwa upana wa kidole, na dumuzi hahitaji hata nusu yake.

Lakini kilichonikasirisha zaidi si hicho. Ulisema nane inakuja yenyewe. Uongo! Nane uliikunja wewe kwa mikono yako. Inayokuja yenyewe ni saba. Hakuna mzungu aliyeiweka, hakuna mwalimu aliyeichagua. Imo kwenye kila ndoo uliyotengeneza, kwenye kila karai, kwenye mdomo wa kikombe chako cha chai. Umeishi nayo, umelishwa nayo, umetusomesha nayo. Ulinitoa nje nikaimbe barabarani wakati ilikuwa imejaa ndani.

Mwita alikata bati kwa sita na kingine. Tulilikunja pamoja, na sasa nimeshawahi kukunja bati, usiniulize tena. Kitako kilikaa bila kugongwa. Kabla ya kuziba sehemu ya juu Mwita aliingia ndani, nikamfunika, nikamuuliza anaona nini. Unajua kwenye vihenge vyako mtu akiingia anaona mstari mwembamba wa mwanga unazunguka chini. Mwita akajibu kutoka humo, "Sioni kitu, dada. Giza tupu." Alikaa ndani kuliko ilivyohitajika, nami sikumwita. Mama alitoka akaniuliza mwenzako yuko wapi, nikamwonyesha kihenge kwa kidole. Akakipapasa kwa kiganja mara moja akarudi jikoni.

Tulikipakia kwenye pikapu tukakipeleka Machochwe. Tulikuwa tumevuka Mto Mara, Mwita anapiga mluzi, mimi natazama nje, ndipo likanijia. Nikapiga kelele mpaka dereva akafunga breki.

Sita na kingine.

Baba, kingekuwa kitanda cha sita na kingine!

Mbona hamkufikiri? Wewe uliyepiga riveti mbili kwa mpigo ili uiruke saba, wewe uliyekuwa na ujanja kwa kila kitu, ulikosaje ujanja kwa kitanda? Yule binti alitaka uikubali saba, wewe ukataka kuikimbia, na Mwita akataka kukutii, na kitanda kimekaa tu na shuka lake safi. Kwenye mfuko wa suruali uliyorudi nayo tulikuta kipande cha msasa. Msasa, Baba! Ulikuwa nao mfukoni pale mlangoni. Ungemwambia Mwita aisugue ile rangi ya bluu, muuguzi angefoka kidogo, yangekwisha, ungepanda ukalala. Au Mwita angesema yale aliyoyasema na chaki mkononi, kama yangemjia siku hiyo. Hayakumjia, na simlaumu, maana nilipoanza kulia kwenye pikapu naye alielewa bila kuambiwa, akageukia dirisha. Tulikaa hivyo mpaka Machochwe. Dereva maskini alidhani tumefiwa siku hiyo.

Mama Robi aliingiza kichwa kwenye kihenge, akafunika mfuniko, akafunua, akafunika. Ameshavuna na ameshajaza. Nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi barabarani, na hilo hajalifanya tangu masika. Akaniambia, "Masika nitafungua, Mwalimu. Ndipo tutajua kama tunasalimiana." Nimekubali. Ni haki yake.

Mwita amechora alama kwenye ubao wako wa duara, mistari sita na mwingine. Kamba yako ya kukunja hajaitupa, anaitumia kwa koroboi, nami nimemwachia. Saba bado haitamki. Juzi kuku walifika idadi hiyo, na asubuhi yake jirani alikuja kushukuru.

Sasa nikuage, maana Mama ameshaita mara mbili nikale. Sijakusamehe. Likizo ya Desemba nitakuja pale kaburini, nitakupa shikamoo yako, na tutaendelea tulipoishia, kwa hiyo usidhani umepumzika na mimi. Lakini nakuahidi jambo moja. Siku Mama akilazwa, au Mwita, au hata Baba Mdogo Chacha na mdomo wake, nitafika kabla ya bajaji. Vitanda nitavihesabu mimi, kuanzia mlangoni au kuanzia dirishani, kwa namna yoyote itakayompa mtu usingizi. Ule msasa wako ninao kwenye pochi.

Lala, Baba. Hapo ulipo hatukukuandikia namba.

Binti yako,
Bhoke